Maji Kinywani mwa Mwadime

Mashoga zangu, tangu nirudi Mombasa sipumui. Kila anayeingia nyumbani hata buibui hajalivua ananiuliza: "Zuhura, ni kweli ulizunguka Taita nzima ukimtafuta mtu ateme maji?" Ni kweli. Nimechoka kuhadithia vipande vipande, huyu nampa kichwa, yule nampa mkia, halafu mnakutana na kuanza kubishana. Haya, nimeandika. Msome wote, mniache ninywe kahawa yangu.

Kwa wasiojua, mimi nafundisha sayansi katika shule moja ya sekondari huko Mbololo, juu ya Voi, na jioni za Ijumaa nina klabu ya wanafunzi wanaopenda mambo ya wanyama na misitu. Watoto wenyewe wanatoka vijiji ambavyo tembo wakishuka usiku, asubuhi hakuna mahindi. Lakini nenda getini pale mbugani uwaulize askari kwao ni wapi: kila mmoja katoka mbali. Wenyeji wanajulikana kule kwa jambo moja tu, kukamatwa. Hilo lilinikera miaka mingi. Nikaandika, nikapiga hodi kila mlango (hayo ya barua nawaruka, yanachosha hata mimi mwenyewe) mpaka nikapata nafasi moja. Kijana wetu Righa, aliyemaliza kidato cha nne, aje kwenye usaili wa askari wa wanyama, Jumatatu asubuhi, pale Voi. Asipofika, nafasi anapewa mwingine, na mimi nikirudi kupiga hodi tena sijui kama mlango utafunguliwa.

Mbololo: tumekwama kabla ya kuondoka

Alhamisi nikapanda mlimani hadi kwao Righa kumwambia ajiandae. Nikamkuta amejiandaa zamani. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, na yeye mwenyewe ameketi kwenye kigoda, hainuki.

"Mwalimu, hawezi kwenda," bibi yake akaniambia, huku ananisogezea kiti. "Mwadime hajatasa."

Mwadime ni baba mdogo wa Righa. Baba mzazi alifariki Righa akiwa mchanga, na huyu ndiye aliyemlea na kumlipia shule. Kisha Mwadime akakamatwa mbugani na mnyama begani, akafungwa. Alipotoka jela, Righa alishaanza kusema anataka kuwa askari wa wanyama, tena kwa nguo zilezile za waliomtia baba yake mdogo pingu. Mwadime hakusema ndiyo, hakusema la. Akachukua fimbo yake, akaenda zake kutafuta vibarua.

"Kwa hiyo amekasirika," nikasema.

"Hatujui," bibi akajibu.

"Mmemuuliza?"

Bibi akanitazama kwa huruma, vile mimi huwatazama wa kidato cha kwanza. "Kumuuliza ndiyo nini? Hasira inaweza kukaa moyoni, mwenyewe analala vizuri, anakula, hajui kama anayo. Lakini inamfuata mtoto. Mtoto anaugua, anaanguka, kazi inamponyoka."

Basi nikaketi nifundishwe. Kwa Wadawida, ndio Wataita wenyewe, mzee akiwa na neno na mtoto wake, au akidhaniwa tu kuwa nalo, anachukua maji kinywani, au maji ya miwa, au pombe, anayatema kwa kuyapuliza huku akisema maneno ya amani. Kilichomo moyoni kinatoka na yale maji. Hiyo ndiyo kutasa. Mtu haanzi jambo kubwa kabla wazee wake hawajatasa.

Mimi nikamgeukia Righa. "Wewe si unaimba kwaya kanisani?"

"Naimba, mwalimu."

"Na mchungaji wenu anajua mambo haya?"

"Mama yake alimtasia kabla ya kwenda kusomea uchungaji."

Na mimi mwenyewe nilipopata kazi mama alinifukizia ubani na kunisomea mpaka nikapiga chafya. Nitamcheka nani?

"Yuko wapi huyo Mwadime?" nikauliza.

"Mahoo, kwa dada yake. Anakata ndizi."

Mahoo, jamani, iko Taveta, upande ule wa pili kabisa! Nikapiga moyo konde. Nikamwambia Righa abebe hayo mashati yake, twende.

Voi hadi Taveta: treni isiyo na haraka

Tukashuka Voi juu ya lori la nyanya, na Ijumaa tukapanda treni ya Taveta. Tangu mpaka wa Tanzania ufungwe, ile treni haina pa kwenda zaidi ya hapo, na mwendo wake ni wa mtu anayelijua hilo. Mabehewa ya mizigo mbele, sisi abiria nyuma. Ikasimama Mwatate, ikasimama Bura, halafu ilipofika Maktau injini ikazimika kabisa. Dereva akashuka, akaitazama, akawasha sigara. Na sisi tukashuka.

Hapo ndipo nilipojuana na Mama Njoki, mama wa bara mwenye duka Voi na shamba kule tambarare, anayekwenda Taveta kununua vitunguu. Tulikuwa tunakula mayai ya kuchemsha kwenye kivuli cha behewa, naye akamdadisi Righa mpaka akajua yote.

"Askari wa wanyama, wewe?" akasema. "Ngoja nikuambie kitu. Tembo walimaliza mahindi yangu, nikaenda kushtaki. Kijana mmoja pale, hata Kiswahili changu alikuwa hakisikii vizuri, akaniambia nilete ushahidi. Nikamuuliza, nimlete tembo?"

Tulicheka mpaka yai likanipalia. Lakini yeye hakucheka sana. Akamshika Righa mkono. "Wewe ukiipata hiyo kazi, uniambie jina lako. Nataka nikija kushtaki, nije kwa mtu ninayemjua kwao."

Righa akamtajia jina. Akalirudia mara mbili ili asilisahau. Nikaona kijana wangu amekaa wima kidogo, na moyo wangu ukafurahi, maana tangu Mbololo alikuwa amejikunyata tu.

Barabara pale inapita karibu na reli. Tukiwa bado tumesimama, likapita lori la ndizi likielekea Voi, watu wamekaa juu ya mikungu, wanatupungia mikono kwa kutucheka. Righa alikuwa amelala, kofia usoni. Mimi nikawapungia pia. Mmoja, mtu mrefu mwembamba, aliinua hata fimbo yake kunisalimu. Nikasema moyoni, watu wa huku wana adabu.

Mahoo: ndizi tele, mtu hayupo

Injini ilikubali mwishowe, tukafika Mahoo. Mungu amepapendelea. Maji yanapita kwenye mifereji kando ya njia, migomba kila upande, na mtu unatembea kivulini mpaka unasahau kama umetoka Maktau, kwenye jua lile. Dada yake Mwadime anaitwa Mama Salome, ameolewa na Mtaveta. Kabla hatujasema shida yetu alishatuwekea sahani za ndizi mbichi alizozipika na maharage na nazi kidogo, nikala mpaka nikalegeza mkanda.

"Mwadime?" akasema. "Si ameondoka leo asubuhi! Karudi kwake Marungu. Amesema hapa kuna maji mengi, halali usingizi. Kapanda lori la ndizi."

Mkono wangu ukabaki hewani na tonge. "Ni mrefu?"

"Mrefu."

"Mwembamba? Ana fimbo?"

"Umemwona?"

Yarabi! Nimemwona? Nimempungia mkono! Righa akashika kichwa, Mama Salome akajiangusha mkekani kwa kicheko, na mimi nikatamani kulia, maana Marungu iko kulekule tulikotoka, ng'ambo ya Voi.

Nikatafuta njia ya mkato. "Mama Salome, wewe si damu moja na Mwadime? Mtemee wewe, yaishe."

Akafuta machozi ya kicheko, akawa mpole. "Hasira yangu nitaitoa, mwalimu, maana hata mimi nilipokea habari hii vibaya. Lakini yake siwezi kumtolea. Kila mtu na moyo wake."

Akachukua maji kwenye kikombe cha bati, akamsimamisha Righa uani. Akajaza kinywa, akayapuliza kifuani mwake kwa manyunyu membamba, akasema maneno kwa Kidawida, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Akarudia. Alipomaliza uso wake ulikuwa umechangamka, na Righa akashusha pumzi ndefu. Nilikuwa nimekuja kushuhudia jambo la ajabu, lakini nilichokiona ni shangazi anamsamehe mtoto, nikaona haya kwa kukodoa macho.

Marungu: swali langu la sufuriani

Jumamosi tukarudi Voi, na Jumapili tukapata trekta la kupeleka maji huko nyikani. Marungu ni nchi kavu ya ng'ombe na mbuzi, na mahindi kwa mwenye bahati ya mvua. Mchana ule tulifika na vumbi mpaka kwenye kope. Na pale mlangoni, akichonga mpini wa jembe, akawa ameketi rafiki yangu wa lori la ndizi.

"Wewe ni yule mama wa treni," akaniambia, akacheka. Akamkumbatia Righa kwa muda. Hakuuliza tumefuata nini. Mkewe akatuletea maji ya kunawa, halafu akafunua sufuria, ikatoka harufu ya nyama iliyochemka vizuri.

Sasa ninyi mnanijua. Ugenini, kwa watu Wakristo, mimi sili nyama bila kuuliza, na siku zote huuliza kwa adabu. Nikasema, "Samahani, hii ni nyama gani? Nani amechinja?"

Mkono wa mke wa Mwadime ukasimama na upawa juu.

Nikaona pengine sikusikika. "Nataka tu kumjua aliyechinja, na amechinjia wapi. Nikishajua, sina neno."

Mama akafunika sufuria, akaiinua, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Mwadime akarudi kwenye mpini wake na kuuchonga kwa nguvu. Righa akanivuta pembeni.

"Mwalimu, mbona umemuuliza hivyo? Ile si ya mbuzi, ni nyama ya porini!"

Lo! Nikaelewa papo hapo. Nimetoka na kijana anayetaka kuwa askari, nimeketi kwa mtu aliyefungwa kwa kuwinda, na kabla ya kunawa naanza upelelezi wa nyama yake! Nikarudi mbio nikaketi chini mbele yake kabisa.

"Mzee Mwadime, nisamehe. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa. Nyama ambayo hakuchinja Mwislamu siili, hata ikiwa ya kuku wa mchungaji. Sikutumwa na mtu yeyote. Shida yangu ni tumbo langu na dini yangu, basi."

Mwadime mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, akamwita mkewe na kumweleza kwa Kidawida, na yule mama akacheka huku amejifunika uso kwa kanga. Wakaniletea kimanga, yaani mihogo na viazi vitamu vilivyopondwa na maharage. Nikaongezwa, nikaongezwa tena.

Jua lilipopungua, Righa akasema kilichotuleta. Mwadime alisikiliza bila kumkatiza. Akaomba kibuyu cha maji. Righa akasimama mbele yake, nami nikasogea nyuma kwa furaha: safari imefika mwisho, na kesho ni Jumatatu.

Mwadime akajaza kinywa. Akamtazama Righa usoni, akatazama lile shati jeupe, akamtazama tena usoni. Tukangoja. Kuku wakapita katikati yetu. Kisha nikaona koo lake linapanda na kushuka.

Aliyameza.

"Haijatoka," akasema.

Righa alikwenda akasimama kwenye zizi la mbuzi, ametupa mgongo. Ndipo mimi nikapandwa na hasira. Nilimwambia Mwadime maneno ambayo mgeni hasemi: kwamba amemlea mtoto kisha anamfungia mlango, kwamba vijana wa huku watabaki kukata ndizi za watu mpaka lini, kwamba maji ni maji tu, ayateme twende!

Hakukasirika hata kidogo. "Mwalimu, kuyamwaga ni rahisi. Ningeyamwaga mkafurahi, mkaenda. Lakini yangekuwa maji tu, na mtoto angekwenda na hasira yangu mgongoni bila kujua."

Nilikuwa nimemzidi kwa sauti, basi.

Getini

Asubuhi Righa aliniambia atateremka nami Voi, apande zake Mbololo. Usaili hakuutaja. Macho yalikuwa mekundu. Tulipokuwa tunapanda lori, Mwadime akaja na fimbo yake, akapanda, akaketi juu ya gunia. Hatukumuuliza. Voi tuliposhuka akatangulia, na hakushika njia ya stendi. Alishika ya mbugani. Righa akanitazama, nikamwambia, "Mfuate!"

Vijana walikuwa wamejaa nje ya geti, wengine wananyoosha miguu, wengine viatu mkononi. Sajenti mmoja anawapanga. Mwadime akasimama mbali kidogo na wote.

"Sijawahi kusimama hapa bila pingu," akasema.

Akaniomba chupa yangu ya maji, nikampa. Hakunywa. Akamgeukia Righa.

"Nikuulize. Siku ukinikuta humo ndani, na kitu begani, utanifanya nini?"

Nawaambieni kweli, mashoga, nilitaka kumkonyeza kijana. Sema utamwachia! Sema utageuza uso, baba yako mdogo huyo, atafurahi, atatema, uende! Sajenti akapuliza filimbi. Mistari ikaanza kuingia.

"Nitakukamata, baba mdogo."

"Utanifunga?"

"Nitakufunga." Machozi yakamtoka. "Nitalia, lakini nitakufunga."

Mwadime akaitikia kwa kichwa. Akapeleka chupa kinywani, akajaza, na safari hii hakungoja. Aliyapuliza kifuani mwa Righa, akayapuliza kichwani, shati jeupe likaloa chapachapa, akasema yale maneno ya Kidawida ambayo maana yake ni kwamba moyo umetulia, nenda, upoe, ukae salama. Akamsukuma kidogo begani. Righa akakimbia na shati lake lililoloa, akawa wa mwisho kuingia.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikalia hadharani, sioni aibu kusema.

Tukangoja nje, mimi na Mwadime, tumeketi kwenye ukingo wa barabara tukisikia filimbi na vishindo vya miguu. Mchana wakatoka waliokosa, vichwa chini, wengi. Righa hakuwamo. Baadaye likatoka lori lenye wachache waliochukuliwa, linakwenda nao moja kwa moja kwenye mafunzo, naye yumo nyuma, amesimama, anapunga mikono yote miwili na kuita majina yetu. Nikarukaruka kama mtoto. Mwadime aliinua fimbo yake, akaishikilia juu mpaka vumbi likatulia.

"Umefanya jambo kubwa leo, mzee," nikamwambia.

"Mwalimu, uliiona sufuria yangu."

"Niliiona."

"Basi ulijua. Tangu nitoke jela sijaacha kuingia humo. Ndizi za watu hazitoshi, na mbuzi nilionao ni hao uliowaona." Alikuwa anaangalia lile geti, limeshafungwa. "Huyu mtoto hasemi uongo. Amesema atanifunga, atanifunga. Na mimi siwezi kumfanya mtoto wangu alie akifanya kazi yake."

Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kijana wa mwaka ujao, na mlango gani nitaupigia hodi.

Mwadime akasimama, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akanirudishia chupa yangu.

"Wewe unawatafutia watu kazi," akasema. "Nitafutie na mimi. Niliyokuwa nayo nimeitema hapa."